Picha ya Shemeji

Mwenyekiti wa chama cha wapima ardhi alitaka picha.

"Ndugu yangu Milimita, tusidanganyane," alisema huku akizungusha kiti chake kushoto na kulia. "Tangazo lako nimeliweka kundini tangu Jumatatu. Tuko wanachama mia nne na kumi na wawili. Waliotuma pesa ni saba. Wengine wameweka vile viganja viwili vya kuomba dua, basi. Watu siku hizi maneno hayawaingii. Wanataka waone."

"Waone nini?"

"Ugonjwa."

Milimita lilikuwa jina la utani la mpima huyu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kukubali jiwe la mpaka lisogezwe hata kwa unene wa kidole, na walimwita hivyo nusu kwa heshima, nusu kwa kuudhika. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti cha wageni, bahasha ya hospitali mapajani, kama mteja aliyekuja kudai kiwanja asichokuwa na hati yake. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja tu ya maana. Mke wake alikuwa na uvimbe kwenye taya, unakua, na upasuaji ulitakiwa ufanyike ndani ya wiki sita. Milioni kumi na nne. Baada ya hapo mionzi, milioni tano nyingine. Akiba yake pamoja na mkopo wa mshahara haikuzidi milioni tatu.

"Mke wangu hataki kupigwa picha," alisema. "Hata kioo cha bafuni amekifunika taulo."

"Namwelewa shemeji. Namwelewa kabisa." Mwenyekiti aliinama mbele, akashusha sauti ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Lakini wewe ni mtu wa vipimo. Hebu pima mwenyewe. Aibu ya siku mbili upande huu, na upande ule..."

Hakumalizia. Alikuwa na adabu ya kutomalizia sentensi za namna hiyo, na adabu hiyo ndiyo iliyompa uenyekiti mara mbili. Miezi mitatu mbele alikuwa anagombea mara ya tatu.

Mpima alishuka ngazi polepole. Angependa kumchukia Mwenyekiti, lakini alijua kwamba mtu yule hakusema uongo. Yeye mwenyewe mwaka uliopita aliona tangazo la mwenzao mmoja aliyeungua kwenye ajali, akalipita. Siku ya pili ilipokuja picha, aliifungua, akaikuza kwa vidole viwili, akatazama ngozi ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatuma elfu ishirini. Alikumbuka jinsi alivyojisikia vizuri baada ya kutuma.

* * *

Mke wake alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwa miaka kumi na minne alikuwa hajui kazi nyingine. Uvimbe ulianza kama jino linalouma. Ulipofika ukubwa wa limau alianza kwenda kazini na mtandio uliozungushwa mpaka chini ya jicho. Watoto wenyewe hawakuwa na tatizo. Walimuuliza kama amekula pipi kubwa, akawajibu ndiyo, wakaendelea kuchora. Aliyelalamika ni mzazi mmoja, mama mwenye gari, kwamba mwanawe anaamka analia. Mwalimu mkuu akamwita mwalimu ofisini na kumwambia apumzike mpaka apone, kwa faida yake mwenyewe. Likizo hiyo haikuwa na mshahara.

Jioni ile mpima alimkuta sebuleni, anakunja nguo. Alimweleza yote, isipokuwa alibadilisha neno "ugonjwa" akasema "hali".

"Hapana," mke alisema.

"Sikiliza kwanza, mke wangu."

"Nimesikiliza. Uso huu nimeuficha kwa watoto wa miaka minne. Nikaupeleke kwa wapima mia nne?"

"Ni wenzangu. Si watu baki."

"Ni wenzako. Mimi wananijua kwa jina la shemeji tu. Yule Mwenyekiti wako nilimwandalia chakula mara ngapi hapa? Mwambie anijue hivyohivyo."

"Bila picha watu hawatoi."

"Basi wasitoe." Alikunja shati la mume wake, akalipiga kofi likae sawa. "Uza darubini yako ya kupimia."

"Itatoa milioni mbili. Halafu tutakula nini?"

Mke alifumba macho. Maumivu yalipompanda, alikuwa na tabia ya kufumba macho na kuhesabu kimoyomoyo kama anavyowahesabia watoto wanapopanga mstari. Mpima alimtazama akihesabu. Alimpenda. Hilo lisemwe, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri vingine.

Alhamisi alirudi nyumbani mapema, saa nane mchana. Mke alikuwa amelala chali juu ya kitanda chao kwa dawa ya maumivu, mtandio umeteleza. Mpima alisimama mlangoni na simu mkononi. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Alikwenda dirishani kwa vidole vya miguu, akasogeza pazia, jua likaangukia upande ule wa taya. Akapiga tatu. Kisha akaketi kwenye kochi la sebuleni kuchagua ile iliyotoka vizuri zaidi, yaani ile iliyotoka vibaya zaidi, na kabla hajajipa muda wa kufikiri akaituma kwa Mwenyekiti.

* * *

Pesa zilikuja.

Simu ya Mhazini wa chama, mama mmoja mpole aliyepima mashamba ya mkonge ujanani na sasa alipima risiti tu, iliita mlio wa pesa tangu asubuhi mpaka akaizima sauti. Mwenyekiti alikuwa ameiweka picha ile juu ya maneno yake mwenyewe: NDUGU YETU ANALIA, TUSIMWACHE. MWENYE MOYO DHAIFU ASIFUNGUE. Onyo hilo lilifanya kazi kuliko maneno mengine yote. Kila mtu alifungua. Waliofungua wakawatumia wake zao, na wake wakawatumia dada zao, na ndani ya siku tatu picha ikawa imetoka nje ya wapima kama maji yaliyovuka ukuta.

Binti yao alikuwa mtunza fedha kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jumatatu asubuhi, mafundi wawili waliokuwa wanasubiri misumari yao ipimwe walikuwa wamekutanisha vichwa juu ya simu moja.

"Hebu kuza hapo," alisema mmoja. "Hilo ni jino au ni mfupa?"

"Mfupa. Achana nalo, nimekunywa chai sasa hivi."

"Mimi ningekuwa mume wake, kitanda ningemwachia."

Walicheka, si kwa ubaya mkubwa, ila kama wanavyocheka watu wanaosubiri misumari. Mmoja akamgeuzia binti simu. "Dada, umeiona hii? Inatembea sana."

Binti aliiona. Hakuutambua uso kwanza. Alitambua foronya. Ilikuwa ya maua ya zambarau, aliinunua yeye kwa mshahara wake wa kwanza, na mafundi walikuwa wakiitazama pamoja na kila kitu kilicholala juu yake. Aliwahesabia chenji yao sawasawa, akawapa risiti, akamwambia mwenye duka kwamba anaumwa, akatoka. Nyuma ya duka, karibu na rundo la kokoto, alisubiri picha aliyomwomba fundi amtumie, na ilipoingia kwenye simu yake akaondoka.

Alifika nyumbani na kumkuta mama yake anapanga vitabu vya watoto vya kupaka rangi, vile alivyorudishiwa na shule ndani ya boksi. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo hakuanzia popote. Alimpa simu.

Mama alitazama. Akairudisha.

"Baba yako anarudi saa ngapi leo?" aliuliza.

* * *

Alirudi saa kumi na moja na mfuko wa machungwa. Aliwaona wote wawili wameketi upande mmoja wa meza, akajua.

"Keti," mke alisema. "Vaa miwani yako. Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Wenzako waliyoandika chini yangu. Wote. Usiruke."

"Mke wangu, nilitaka..."

"Sijakuuliza ulitaka nini. Soma."

Mpima alivaa miwani. Sauti yake ilikuwa ile aliyozoea kusomea namba shambani, kavu na iliyonyooka, hakuwa na nyingine.

"'Mungu amponye.' 'Mungu amponye.' 'Poleni sana.' 'Hii ni saratani au ni nini?' 'Jirani yangu alikuwa nao kama huu, tulimzika mwaka jana.' 'Mtuonye kwanza jamani, wengine tuko mezani.'"

"Endelea."

"'Nimetuma elfu hamsini, naomba jina langu liandikwe vizuri, mara ya mwisho mlikosea.' 'Mwenyekiti, hongera kwa uongozi wenye utu.' 'Hongera Mwenyekiti.' 'Mitano tena kwa Mwenyekiti.'" Kidole chake kikapita ujumbe mmoja.

"Umeruka," binti alisema. Alikuwa ameinama juu ya meza, anafuatilia kwenye simu ya baba yake.

"'Huyu mume ana moyo. Wengine tungeshakimbia.'" Akasogeza chini. "Halafu kuna vikatuni vya kucheka."

"Vingapi?" mke aliuliza.

"Kumi na moja."

 Harufu ya machungwa ilianza kupanda kutoka kwenye mfuko, na binti akausukuma mbali kwa kiwiko.

"Ulipiga ukiwa umesimama wapi?"

"Mlangoni. Mwanga haukutosha. Nikasogeza pazia."

"Nililihisi jua," mke alisema. "Usingizini nililihisi. Nikajisemea, mume wangu kaja kunifungulia dirisha nipate hewa."

Mpima alivua miwani. Alitaka kusema kwamba zimeshapatikana milioni nane, kwamba daktari ameshapigiwa, kwamba angefanya tena. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotoka.

"Pesa tutazichukua," mke alisema, kana kwamba amemsikia. "Usidhani nitazikataa nife na heshima. Wameshaula uso wangu, wacha walipe. Lakini wewe utalala hapa sebuleni."

Kisha akamgeukia binti na kumwambia aoshe machungwa.

* * *

Milioni nane na zile tatu hazikutosha, kwa hiyo Mwenyekiti akaandaa hafla. Ilifanyika Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kukodi wenye mapambo ya harusi ya jana yake, mashada ya plastiki na vitambaa vya rangi ya dhahabu vilivyofungwa migongoni mwa viti. Mke alikataa kwenda. Mpima akaenda peke yake, kwa suti aliyofungia ndoa.

Mlangoni vijana wa ukumbi walikuwa wanagawa fulana. Nyeupe, na kifuani uso wa mke wake, umelala, umevimba, juu yake maneno WAPIMA TUNAJALI. Mhazini alimpa ya kwake ikiwa imekunjwa.

"Uvae juu ya shati tu, Milimita," alisema taratibu. Hata yeye hakuwa akitazama kifua cha mtu. "Mpiga picha anataka wote tufanane."

Akaivaa. Ilikuwa ndogo, ikamkaba, na uso wa mke wake ukatanuka juu ya tumbo lake. Aliingia ndani akawakuta wenzake wa fani, watu aliolala nao maporini wakipima barabara, zaidi ya mia moja, kila mmoja amemvaa mke wa Milimita kifuani. Walikuwa wanakula. Kulikuwa na nyama ya kuchoma na soda, na mafuta ya nyama yalikuwa yakidondoka, na mtu mmoja, mwenzake wa darasa chuoni, alikuwa anajifuta vidole kwenye upindo wa fulana, kwenye kidevu, huku akimsalimia.

"Pole sana, Milimita. Tuko pamoja. Shemeji anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Hii nyama umeionja?"

Mshereheshaji alikuwa hodari. Aliwagawa wanachama kwa mikoa yao ya kazi na kuwashindanisha. Upande wa kaskazini ukitoa milioni, aliwauliza wa kusini kama wamekuja na viatu tu. Watu walicheka, wakainuka, wakacheza kidogo kuelekea kwenye kapu. Kila muziki ulipopungua aliirusha picha kwenye skrini kubwa ya ukutani, na ukumbi ukaguna, na kapu likapata tena. Taya la mwalimu wa chekechea lilikuwa na urefu wa mtu mzima. Mpima alikaa chini yake, kwenye meza ya mbele yenye kitambaa cha dhahabu, akijua kwamba nyuma ya kichwa chake kuna ile foronya.

Alipoitwa kushukuru alisema maneno manne. Mshereheshaji alimrudishia kipaza sauti. "Ndugu yetu amezidiwa. Mnamwona? Machozi yako karibu. Mwacheni, msimharakishe." Walimsubiri. Mpiga picha alipiga goti mbele yake, tayari. Mpima aligundua kwamba watu mia moja walikuwa wanasubiri alie, na kwamba wameshalipia. Hakulia. Kulikuwa na mnong'ono mdogo wa kukatishwa tamaa, kama ule wa mpira ukipiga mwamba.

Taslimu zilikuwa milioni saba, ahadi tisa. Mhazini alimsomea hesabu pembeni, karibu na choo, sauti yake ikizidi kuwa ndogo kila alipofika mstari mwingine. Ukumbi. Chakula. Fulana mia mbili. Mshereheshaji, nusu bei kwa sababu ya msiba.

"Msiba gani?" mpima aliuliza.

"Samahani. Tatizo. Kwa sababu ya tatizo."

Zikabaki milioni tano. Tatu zilikwenda hospitalini Jumatatu yake, moja kwa moja. Mbili, pamoja na ahadi zitakazolipwa, zingekaa kwenye akaunti ya chama kwa ajili ya mionzi. Mwenyekiti alimshika bega mpima mbele ya kamera na kusema kwamba watazikabidhi kwa heshima zote kwenye mkutano mkuu, shemeji akiwa amepona, aje mwenyewe kuwashukuru wanachama.

Mkutano mkuu ndio uliokuwa na uchaguzi.

* * *

Upasuaji ulichukua saa tisa. Walitoa nusu ya taya la chini na kipande cha ulimi. Mke aliamka akiwa hai, na uso uliovutwa upande mmoja kama kitambaa kilichoshonwa kwa haraka, mshono kutoka sikioni mpaka chini ya mdomo. Alijifunza tena kumeza. Maneno yake yalitoka mazito, yamelowa, na mgeni angesikia sauti tu. Binti alimwelewa tangu siku ya pili. Mpima alimwelewa tangu siku ya kwanza, lakini mke hakuongea naye sana.

Daktari alisema mionzi ianze kabla ya wiki sita kuisha, vinginevyo kazi yote ni bure. Mkutano mkuu ulikuwa wiki ya kumi.

Mpima alikwenda kwa Mwenyekiti na karatasi ya daktari. Mwenyekiti aliisoma yote, hata mhuri.

"Pesa zipo," alisema. "Ahadi zimeingia vizuri, tuna milioni tano na ushee. Lakini nielewe, ndugu yangu. Watu wanauliza. Wametoa, hawajaona matokeo. Niletee basi picha moja ya sasa hivi. Tunaiweka pembeni ya ile ya kwanza, kabla na baada, napata nguvu ya kuisaini hundi hata kesho. Usiponipa, watasema nimegawa pesa za chama gizani."

"Nitaongea naye," mpima alisema. Hakusema hapana. Alitembea mpaka nyumbani akijifunza kusema hapana, njia nzima, akalipata neno lenyewe alipofika mlangoni kwake, mahali ambapo halikuhitajika tena.

Alimweleza mke wake. Mke alikuwa anakunywa maziwa kwa mrija, kitambaa kidevuni.

"Safari hii unaniuliza," alisema kwa ulimi wake mzito.

"Nakuuliza."

"Na nikikataa?"

"Nitauza darubini. Nitakopa. Sijui."

Alimaliza maziwa. Akajifuta. Asubuhi yake mpima alipokwenda kazini, yeye alioga, akavaa gauni la kazini, na mtandio akauacha kwenye msumari.

* * *

Ofisi ya Mwenyekiti, ambayo ndiyo ilikuwa pia ofisi ya chama, ilikuwa na sehemu ya mapokezi yenye viti sita, na siku hiyo wateja wanne walikuwa wanasubiri ramani zao. Mwalimu aliketi kiti cha katikati. Mteja wa kulia alitazama simu yake. Wa kushoto alikumbuka jambo, akatoka nje na hakurudi. Karani alimuuliza mara mbili anamtaka nani, hakuelewa mara zote mbili, akaenda kumwita bosi wake.

Mwenyekiti alitoka na tabasamu la wateja. Lilimdondoka.

Huyu ndiye aliyeutuma uso ule kwa watu mia nne, akautundika ukutani, akauvaa. Sasa ulikuwa hatua mbili mbele yake na ulikuwa unamtazama, na yeye alitazama kiti, akatazama mkoba wa mgonjwa, akatazama saa.

"Shemeji," alisema. "Karibu. Karibu ndani. Kumbe umeshapata nafuu hivi."

Mwalimu hakuinuka. Alitoa daftari mkobani, akaandika, akaligeuza. Mwandiko wake ulikuwa ule wa ubaoni, herufi kubwa za mviringo ambazo hata mtoto wa miaka mitano angezifuata kwa kidole. NIMEKUJA KUCHUKUA HUNDI.

"Ndiyo, kuhusu hilo, nilimweleza mumeo utaratibu..."

Akafungua ukurasa mwingine. NITAKAA HAPA. KESHO NITARUDI.

Wateja watatu waliobaki walikuwa wamesoma. Mwenyekiti alimwita Mhazini kwa simu, na Mhazini akaja upesi kutoka chumba cha pili na kitabu cha hundi tayari kwapani, kana kwamba alikuwa amekishika siku nyingi akisubiri kuambiwa. Yeye alimtazama mgonjwa. Hakuyahamisha macho.

Mwenyekiti alisaini akiwa amesimama, juu ya kaunta.

"Angalau picha moja, shemeji," alisema huku anaandika tarehe. "Sisi watatu na hundi. Kumbukumbu tu."

"Nitazame kwanza," alisema mwalimu. Alisema kwa mdomo, polepole, na kila mtu pale mapokezi alielewa.

Mwenyekiti aliinua macho, yakafika kwenye kola ya gauni, yakarudi chini. Alimpa hundi kwa mkono ulionyooka mbali na mwili wake, kama anayemlisha mnyama.

Mwalimu aliisoma hundi, namba na maneno, akaiweka mkobani. Kisha akaandika tena. IFUTENI ILE.

"Ile ya mwanzo?" Mwenyekiti alikuwa ameshapata sauti yake. "Kundini tunaweza kuifuta, shemeji, leo hii. Lakini huko ilikokwenda, nani ataifuta? Hata mimi jana nimetumiwa na mtu nisiyemjua. Wanasema ni ya mwanamke aliyekula dawa feki za kujichubua."

Mhazini alifumba kitabu cha hundi. "Nisamehe, dada," alisema, akarudi chumbani kwake, na mwezi uliofuata hakugombea tena uhazini. Mwenyekiti alipita bila kupingwa.

* * *

Mionzi ilianza Jumatano. Kitengo kilikuwa chini kabisa ya jengo, na ilibidi kujiandikisha kwenye dirisha dogo ambapo karani wa kike, mchovu na mwenye heshima, alikuwa anajaza fomu. Binti alikuwa zamu dukani mpaka mchana. Mpima alikuja na mke wake, amebeba mkoba, blanketi na chupa ya maji, akasimama nyuma yake hatua moja.

Wiki hizo alikuwa amefanya kila alichoweza. Alimpikia. Alimwoshea kitambaa cha kidevu kila jioni bila kuambiwa. Alijitoa kwenye kundi la wapima, na watu watatu walimwandikia kumwita asiye na shukrani. Mke alikula alichopika na kumwambia asante. Kitanda chake kilikuwa bado kochi.

Karani aliuliza umri, anwani, dawa zinazomdhuru. Mke alijibu, mpima akarudia kila jibu kwa sauti inayosikika, na kazi ilikwenda hivyo vizuri, kama watu wawili shambani, mmoja anasoma na mwingine anaandika.

"Mtu wako wa karibu," karani alisema. "Wa kupigiwa simu, na wa kukuamulia endapo wewe mwenyewe utashindwa."

Mke alisema jina.

"Sijasikia, mama."

Akasema tena. Maneno yaligongana na mshono, yakatoka kama maji. Karani alitazama juu ya bega lake, kwa mwanamume aliyebeba blanketi.

"Amesema nani, baba?"

Mpima alikuwa amesikia mara zote mbili. Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu na kalamu ya karani ilikuwa tayari juu ya karatasi. Mke wake hakugeuka. Alisubiri, amenyoosha shingo, mikono miwili juu ya ukingo wa dirisha.

"Amesema aandikwe binti yake," mpima alisema. Akamtajia jina, na namba ya simu, tarakimu moja moja, bila kukosea hata moja.

Karani aliandika. "Na wewe ni nani kwake?"

"Nimemsindikiza," alijibu.